Miaka Miwili na Gari la Umeme: Betri Kubwa Haijanisumbua

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, naomba radhi. Kazi zilinibana, na tena najua bado nawadai ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nataka kujibu swali ninaloulizwa kila ninapoegesha gari: kanisani, dukani, kwa waosha magari, hata na askari wa trafiki aliyenisimamisha Mlolongo kisha akasahau kuniomba leseni. Swali lenyewe ni hili: "Na betri ikiisha je?"

Jibu fupi: haijaniishia njiani hata siku moja. Yaliyonisumbua ni mengine kabisa, na mawili kati yake nusura yanitie katika majuto makubwa. Moja lilifanywa na fundi, mimi nikiwa nimesimama hapo nikimshukuru. La pili nililifanya mwenyewe, kwa programu niliyoiandika kwa mikono yangu. Nimeamua kuyaeleza yote bila kuficha, maana nikiandika mazuri tu nitakuwa nafanya kazi ya muuza magari, na yeye hanilipi :-)

Gari lenyewe

Sitataja aina, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza si ya kiwanda. Ni SUV ndogo ya umeme ya mwaka 2019, iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa Mombasa kwa meli. Nililinunua Februari 2024. Ninyi mnaoagiza magari mnajua sheria yetu: usukani uwe kulia, na gari lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana magari mengi ya umeme yaliyotumika yanayofika hapa hutoka Uingereza au Japani. Lilinisaidia pia kwamba tangu mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10.

Betri yake kubwa ni ya kilowati-saa 64. Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja unayoinunua kwa tokeni, kwa hiyo fikiria tangi linalobeba uniti 64. Ndani yake kuna seli 98 zilizopangwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 hivi, na jumla yake inapita volti 350. Siku niliyolipima kabla ya kulipa, kompyuta ya gari ilionyesha kwamba betri imebakiwa na asilimia 92 ya uwezo wake wa kwanza. Leo inaonyesha 90.

Gari la Uingereza huja na mambo yake. Kasi ilikuwa kwa maili, nikabadilisha kwenye mipangilio. Ramani ilidhani tuko karibu na Birmingham. Ile programu ya simu ya kulifungua gari na kulichaji ukiwa mbali haikufanya kazi kabisa, kwa sababu laini ya simu iliyomo ndani ya gari ni ya kwao. Likumbukeni jambo hili la mwisho, kwa sababu ndilo lililonitia kishawishi cha kuandika programu yangu.

Kwa nini nililinunua

Mnakumbuka Oktoba 2023, lita ya petroli Nairobi ilipofika shilingi 217.36? Mimi naishi Kitengela na kazi iko Westlands. Naenda ofisini siku tatu kwa wiki, kwenda na kurudi ni kilomita 80. Gari langu la zamani lilikuwa linakwenda kilomita 11 kwa lita kwenye foleni za Mombasa Road. Piga hesabu: ni lita 7 na kitu, yaani karibu shilingi 1,580 kwa siku moja ya kazi.

Gari hili hutumia uniti 16 hivi kwa kilomita 100. Kilomita 80 ni uniti 13. Ongeza zile zinazopotea kwa joto wakati wa kuchaji, mita yangu ya nyumbani husoma kama uniti 15. Mimi nimevuka uniti 100 kwa mwezi, kwa hiyo niko kwenye daraja la juu la bei, na pamoja na kodi uniti moja hunigharimu kama shilingi 29. Jumla ni shilingi 435. Hata ukinipa petroli kwa shilingi 180, bado ningelipa 1,300 kwa safari hiyo hiyo.

Wale wanaopenda kuchimba zaidi: mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi nchini ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Ina mantiki. Mvuke wa Olkaria haulali usiku sisi tukilala, ni afadhali umeme huo upate wa kuutumia. Mimi bado natumia mita ya nyumbani.

Basi hesabu ilikubali, mke wangu akakubali, benki ikakubali. Gari likafika. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Taa nyekundu

Gari lilikuja na kebo yake ya kuchajia, ile yenye kijisanduku katikati na plagi ya kawaida ya miguu mitatu. Huvuta ampea 10, kwa hiyo kwa uniti 15 nahitaji saa sita na nusu. Ukichomeka saa tatu usiku, saa tisa na nusu gari limeshiba nawe hujajua.

Usiku wa kwanza nikachomeka kwenye soketi ya nje. Kijisanduku kikawasha taa nyekundu na kukataa. Nikafanya kile ambacho kila mwandishi wa programu hufanya: nikachomoa, nikachomeka tena. Nyekundu. Nikajaribu soketi ya sebuleni. Nyekundu. Ya jikoni. Nyekundu. Kesho yake nikaibeba kebo hadi ofisini, nikachomeka kwenye maegesho ya chini: kijani, gari linachaji bila shida. Kwa hiyo kasoro haikuwa kwenye gari wala kwenye kebo. Ilikuwa kwenye nyumba yangu, nyumba ambayo kwa miaka sita imewasha friji, runinga na shawa ya maji moto bila lawama.

Nikamwita fundi wa mtaani. Kijana mzuri, mchangamfu. Akatoa testa yake, akaigusisha kwenye soketi, ikawaka. "Moto uko, bosi. Hii chaja yako ndiyo ina maringo."

Nikamweleza kwamba kwenye kitabu taa hiyo maana yake ni waya wa ardhini haupatikani, ule wa kijani na manjano ambao mafundi wanauita athi. Akacheka. "Basi tuidanganye." Akafungua soketi ya nje, akakata kipande cha waya, akaunganisha nyutro na athi pale pale ndani ya soketi, akafunga. Nikachomeka. Kijani! Nikamlipa shilingi 500 na kumwongezea 200 ya soda. Nilifurahi mno. Kwa siku kumi na moja nililichaji gari hivyo, nikiwatumia marafiki picha za mita.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Gari lilikuwa linachaji. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka mitano, alikuwa anacheza nje bila viatu, kama watoto wote. Akaja jikoni akasema, "Baba, gari linanichoma vidole."

Nilidhani anasema bodi imepata joto la jua. Kisha nikakumbuka kwamba hakukuwa na jua.

Nilikimbia nikazima swichi kuu ya nyumba. Mtoto hakuwa ameumia, ulikuwa mwasho tu wa vidole. Lakini mimi nilikaa chini sakafuni pale pale kwa muda, mikono inatetemeka, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeelewa ule waya mdogo ulikuwa unafanya nini.

Nieleze kwa lugha nyepesi, maana huenda kuna mtu atadanganywa kama mimi. Umeme huja kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa ardhini kwa kawaida haubebi kitu. Uko pale kungoja siku ya ajali, ili umeme ukivujia kwenye bodi ya chuma upate njia ya haraka kwenda ardhini, na swichi ikate. Ukiunganisha nyutro na athi ndani ya soketi, huku ardhi yenyewe haipo, umeiambia bodi ya gari: wewe sasa ni sehemu ya njia ya kurudisha umeme. Nyutro ikiwa imekazwa vizuri huenda usione lolote. Ikilegea, umeme ule unaotaka kurudi unaingia kwenye bodi. Na gari limesimama juu ya mpira, kwa hiyo haliigusi ardhi. Anayeigusa ardhi ni mtoto asiye na viatu.

Na kile kijisanduku hakingeona. Chenyewe hupima kama umeme uliopita kwenda ni sawa na uliorudi. Huu ulikuwa unapita njia ya pembeni, kupitia ule waya tuliokidanganya nao. Kijisanduku kilinikataza mara ya kwanza, na mimi nikamlipa mtu akinyamazishe. Sisi waandishi wa programu tunamjua mtu anayefuta onyo la hitilafu badala ya kurekebisha hitilafu. Huwa tunamcheka.

Jumatatu nikampata fundi mwenye leseni ya EPRA. Alipofungua soketi ya nje alinionyesha skrubu ya nyutro: imelegea, na plastiki yake imeungua rangi ya kahawia, kwa sababu ampea 10 kwa saa sita kila usiku si mzigo wa kuchaji simu. Kisha akafuata waya wa ardhini hadi nje. Uliingia ukutani, ukashuka, ukaishia kwenye saruji. Hakuna fimbo ya shaba. Hakuna kitu. Aliyejenga alikuwa ameuweka waya ili uonekane kwa mkaguzi.

Alipigilia fimbo ya kwanza, akapima kwa kifaa chake, hakuridhika. Kitengela ni udongo mweusi, wakati wa kiangazi hupasuka na kuachana na fimbo. Akapigilia ya pili mita kadhaa mbele na kuziunganisha, akapima tena, akatikisa kichwa kwamba sasa sawa. Akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya swichi hadi soketi mpya ya nje, pamoja na swichi yake peke yake, aina ile inayokata umeme ukivuja. Jumla ilikuwa shilingi 28,000 pamoja na vifaa. Sijawahi kununua kitu cha maana kuliko hicho, hata gari lenyewe.

Kijana yule wa kwanza nilimpigia simu. Sikumgombeza, na ningemgombezaje wakati nililipa na soda? Nilimwomba aje aone kazi ya mwenzake. Alikuja, akakaa karibu saa nzima akiuliza maswali. Aliniambia nyumba nyingi alizofanyia kazi mtaani kwetu ziko vivyo hivyo.

Usiku wa saa nane

Kosa la pili ni langu peke yangu.

Niliwaambia programu ya simu ya gari haikufanya kazi hapa. Basi nikanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la OBD chini ya usukani, kinachotoa takwimu za gari kwa Bluetooth. Nikaweka simu ya zamani ndani ya droo ya gari, imechomekwa chaji, na nikaandika programu ndogo ya kuliuliza gari maswali kila dakika moja: betri ina asilimia ngapi, kila seli ina volti ngapi, joto ni kiasi gani. Simu ikafikisha takwimu kwenye seva yangu, nami nikachora grafu nzuri sana. Baadhi yenu mliziona. Tofauti kati ya seli ya juu kabisa na ya chini kabisa ilikuwa volti 0.02 tu. Nilijivuna kweli kweli.

Ambalo sikulifikiria ni hili. Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa ya sakafuni, na nyingine ndogo ya volti 12 chini ya boneti, ya asidi, kama ya gari lolote. Ile ndogo ndiyo inayowasha kompyuta, inayofungua milango, na inayofunga zile swichi kubwa zinazoiunganisha betri kubwa na mota. Ikifa ile ndogo, kubwa inaweza kuwa na uniti 60 na gari lisijue. Na gari likiegeshwa, kompyuta zake hulala ili zisiile betri ndogo. Programu yangu ilikuwa inaziamsha kila dakika moja, usiku na mchana.

Siku za kawaida hatukuona tatizo, kwa sababu gari likiwashwa au likichajiwa betri kubwa huijaza ndogo. Lakini Aprili mwaka jana nilifanyia kazi nyumbani wiki nzima. Gari lilikuwa limejaa asilimia 80, likasimama siku nne bila kuguswa.

Usiku wa siku ya nne, saa nane, mama mkwe wangu aliyekuwa ametutembelea alishikwa na pumu. Dawa ya kuvuta ilikuwa inaelekea kuisha na haikuwa inamsaidia. Tulimshika huku na huku tukamtoa hadi nje. Nikabonyeza ufunguo. Kimya. Nikabonyeza tena. Ndani ya ule ufunguo mna ufunguo mdogo wa chuma, nikautoa nikafungua mlango kwa mkono. Ndani giza. Kitufe cha kuwasha hakikuitika. Mke wangu aliniuliza kwa sauti ya chini sana, "Si uliniambia liko asilimia 80?"

Jirani yetu ana Toyota Probox ya miaka mingi, inayobeba mboga kutoka Namanga. Tuligonga lango lake. Hakuuliza swali, alitoka na kanzu ya kulalia, akawasha, tukaenda. Mama alipata oksijeni na dawa, na kufikia alfajiri alikuwa anaongea na kuwalalamikia wauguzi kuhusu chai. Tulishukuru Mungu.

Asubuhi jirani alikuja na nyaya zake za kuunganisha betri. Tulifungua boneti, tukaunganisha Probox na gari langu, na kwa sekunde chache tu kila kitu kikawaka. Akasimama akiangalia. "Kumbe hata la umeme huomba umeme kwa jirani?"

Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Nilifungua hifadhidata yangu. Kati ya takwimu zote nilizokuwa nakusanya, volti za betri ndogo zilikuwemo. Siku ya kwanza 12.5. Ya pili 12.2. Ya tatu 11.8. Zilikuwa zimeandikwa pale, dakika kwa dakika, na mwandishi ni mimi. Ila sikuwa nimezichorea grafu, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na betri kubwa, kama kila mtu anayeniuliza swali kanisani.

Nilikichomoa kidude siku hiyo hiyo. Betri ndogo ilikuwa imechoka kwa kuishiwa mara moja kabisa, nikanunua mpya kwa shilingi 14,000. Sasa kidude hukichomeka mara moja kwa mwezi, nasoma, nachomoa. Mke wangu alikaa karibu miezi miwili kabla ya kuliamini tena gari hilo usiku, na sikumlaumu. Hadi leo, wakati mama yupo, namwona akibonyeza ufunguo kabla ya kulala, kuona kama taa zitaitika.

Matengenezo ya kila siku

Turudi kwenye mambo ya kawaida. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini. Katika miaka miwili na kilomita 36,000, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Tairi. Gari lina kilo 1,700 na nguvu yake huja mara moja ukikanyaga. Tairi za mbele zilikwisha kwenye kilomita 31,000. Usinunue za bei rahisi bila kuangalia uzito zinaoruhusiwa kubeba, umeandikwa ubavuni.

2. Breki. Ukiachia mguu, mota hugeuka jenereta na kulipunguza gari mwendo, kwa hiyo breki zenyewe hazifanyi kazi sana. Uzuri ni kwamba pedi zangu bado ni nene. Ubaya ni kwamba diski hushika kutu na vumbi la Kitengela hukwamisha sehemu zinazotakiwa kuteleza. Nazifungua na kuzisafisha kila mwaka, na mara moja moja nakanyaga breki kwa nguvu kwenye barabara tupu.

3. Waosha magari. Kila mmoja wao anataka kufungua boneti apige "injini" maji ya presha. Nawaambia hapana. Nyaya za rangi ya chungwa ni za volti 350, zimezibwa vizuri, lakini sitaki kuzijaribu kwa bomba.

4. Matuta. Betri iko sakafuni. Kabla ya kununua, liinue gari utazame chini kuna makovu gani. Na fundi wa tairi mwonyeshe kwa kidole mahali pa kuweka jeki. Akiiweka chini ya betri, utalia.

5. Kiwango cha chaji. Kila siku naishia asilimia 80. Mia najaza usiku wa kuamkia safari tu. Seli hazipendi kukaa zimejaa pomoni.

6. Shawa. Shawa ya maji moto na chaja kwa wakati mmoja ni mzigo mkubwa kwa nyumba yetu. Tunaoga kwanza, kisha gari linakula.

Mlima usiouona

Desemba tulikwenda Mombasa. Kutoka kwetu hadi Voi ni kilomita 310 hivi, tukalala hapo kwenye nyumba ya wageni iliyoturuhusu kuchomeka usiku kucha (nilipima athi kwanza, siku hizi natembea na kipimo). Kushuka lilikuwa jambo la raha, tulifika Voi tumebakiwa na karibu robo.

Kurudi ni habari nyingine. Kati ya Voi na Kitengela hakuna mlima unaouona kwa macho, barabara inaonekana tambarare. Lakini unapanda karibu mita 1,000. Gari, watu wanne na mizigo ni kilo 2,000. Kuinua kilo 2,000 kwa mita 1,000 kunahitaji uniti tano na nusu, hata ukiwa dereva wa namna gani. Hizo zingekupeleka kilomita 34 kwenye tambarare. Kwenda ulizipata kama zawadi, kurudi unazilipa. Tulisimama Mtito Andei saa mbili, tukala, tukachomeka, tukafika nyumbani na asilimia 13. Ukipanga safari ya Pwani, usitumie takwimu za kwenda kupangia kurudi.

Jumla

Miaka miwili ya umeme imenigharimu kama shilingi 190,000. Petroli ya kilomita hizo kwa gari la zamani, kwa shilingi 180, ingekuwa kama 590,000. Toa tairi, betri ndogo na kazi ya fundi, bado nimebaki juu. Wanaoniambia umeme hupotea, kama ulivyopotea nchi nzima Agosti 25, 2023, nawakumbusha kwamba pampu ya petroli nayo huendeshwa kwa umeme. Gari langu lenye asilimia 80 hunivusha siku tatu za ofisini bila kuuliza Kenya Power hali.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue, nitasema ndiyo, ukiwa na mahali pako pa kuchajia. Lakini kabla ya kuuliza uwezo wa betri kubwa, mwite fundi mwenye leseni apime waya wa ardhini wa nyumba yako. Itakuchukua nusu siku. Hata usiponunua gari, mpime. Una friji, una shawa, na pengine una mtoto anayecheza bila viatu.

Haya, nimewachosha. Wenye magari ya umeme nje ya Nairobi, hasa Eldoret na Kisumu, tuandikieni mnavyoendelea. Na ile makala ya hifadhidata inakuja, naapa.

Nyongeza: Yule fundi kijana alinitumia ujumbe juzi. Amejisajili kusoma ili apate leseni, na amenunua kifaa cha kupima ardhi. Anasema katika nyumba tisa alizopima mwezi huu mtaani kwetu, nne hazina kitu.